Kibaraza kinavuja, kumbe na jasho kinatoa

Mvua ya mwezi wa nne hapa Arusha haina adabu. Inaanza jioni na manyunyu ya kukubembeleza, unasema leo itakuwa ya kawaida, alafu saa nane usiku inakuja yenyewe. Siku hiyo nilikuwa nimelala fofofo nikasikia tak, tak, tak, nikajua hapo sio mvua juu ya paa, hapo kuna kitu kinadondokea mbao. Nikatoka na kanga nimejifunga nusunusu, kuwasha taa ya kibarazani nakuta tone linatua katikati kabisa ya meza ya cherehani, juu ya kitenge cha mteja ambacho nilishakikata, kinasubiri kuungwa tu, na kitenge chenyewe kinachuja. Pembeni yake sentimita kama ishirini ndo ipo ekstensheni ya umeme. Nilikaa chini nikacheka ile ya hasira.

Ngoja niwaeleze hicho kibaraza maana kina historia. Tuko Moshono, nyuma ya nyumba kulikuwa na baraza la wazi, mwaka 2019 mzee wangu wa nyumbani akapata hela kidogo akalizungushia alumini na vioo, juu akaweka bati za plastiki zile zinazopitisha mwanga, ili nipate sehemu ya kushonea yenye mwanga wa kutosha. Urefu mita nne, upana mita tatu, limeegeshwa kwenye ukuta wa nyumba. Kwa macho kizuri balaa. Mteja akija nasema karibu ofisini. Ila saa saba mchana jua likiwaka huwezi kukaa humo, unaiva, na mwezi wa sita saa moja asubuhi unashona umevaa sweta mbili na soksi. Wenzetu wa Uingereza wana vyumba kama hivi, vioo mpaka juu, wanaviita konsavatori, zamani matajiri wao walikuwa wanatunzia humo michungwa na milimau isife na baridi, sa hivi watu wanaweka makochi. Nimeangalia video zao mpaka bando likakata na malalamiko yao ni yaleyale yangu, kiangazi oveni, baridi friji, na mvua ikipiga huwezi kusikia simu. Tofauti wao wanahesabu kwa pauni.

Sasa tuje kwa mafundi. Fundi wa kwanza alikuja na tyubu mbili za silikoni, akapanda, akapaka kila alipoona panafaa kupakwa, akashuka, elfu arobaini. Kibaraza kizima kikanuka siki kama kachumbari. Mvua iliyofuata tone likahama kutoka kwenye cherehani likaenda mlangoni, nikajiambia basi si haba, angalau nguo zimepona, baada ya wiki tatu likarudi na mwenzake. Baadaye sana ndo nikaja kujua ile silikoni inayonuka siki ina asidi, haifai kwa bati maana inalila, na haifai kwa plastiki ya aina hii maana inaweza kuipasua nyufa ndogondogo. Ipo nyingine isiyo na ile harufu, unaomba ile isiyo na asidi, imeandikwa kwenye tyubu "neutral", bei imezidi kidogo tu. Mimi nimelipia somo hilo elfu arobaini, nyie chukueni bure.

Fundi wa pili yeye alikuja na lami. Lami! Juu ya plastiki ya kupitisha mwanga! Nilikuwa sokoni Kilombero nafuata vifungo na zipu, narudi nakuta mistari myeusi imepita juu kama ramani ya barabara na jamaa anafuta mikono kwenye suruali anasema dada hapa umemaliza. Kweli niliimaliza, hela. Ikafika kiangazi jua likawaka ile lami ikalainika ikaanza kushuka kwenye migongo ya plastiki kama asali, mpaka leo kuna kiti kina doa.

Wa tatu hakugusa kitu, alipima, akapiga picha, akasema hapa ni kufumua yote, akaniandikia milioni mbili na laki nane. Nikamwambia asante kaka nitakupigia.

Aliyenisaidia ni babu jirani yetu, enzi zake alikuwa anapaua nyumba, sa hivi magoti hayamruhusu kupanda ngazi ila mdomo na macho vipo kazini. Nilimkuta ameketi nje na kahawa yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Nasikia una kisima humo ndani."

Nikamweleza yote, silikoni, lami, milioni mbili na nusu na ushee. Akaniuliza swali moja tu, tone linatokea wapi. Nikasema si pale juu ya cherehani. Akasema hapo ndo linapoangukia, nimekuuliza linatokea wapi. Nikanyamaza maana jibu sikuwa nalo, na ukweli ni kwamba wale mafundi watatu nao hawakuwa nalo, hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Kesho yake tukafanya alichosema. Kwanza tukazima umeme wa kibarazani kwenye meni swichi, msiruke hii hatua jamani, tukatoa cherehani na vitambaa vyote. Kijana wangu akapanda kwenye ngazi na mpira wa maji, mimi nikabaki ndani na tochi na chaki yangu ya kushonea. Babu akasema anzeni chini, kule kwenye gata, maji yaende taratibu kama dakika tano bila kupanda, alafu panda futi moja, dakika tano tena, hivohivo mpaka ukutani. Ukianza juu maji yanashuka yanalowesha kila kitu, hutajua tundu liko wapi. Na usitumie presha, mvua haipigi kwa presha ya mpira. Mimi kila nikiona mbao inang'aa naweka alama ya chaki na kuandika namba.

Tulichokikuta kiliniumiza roho. Tone la cherehani lilikuwa linaingilia ukutani kabisa, karibu mita moja na nusu kutoka pale linapodondokea, linatambaa chini ya mbao ya kupaulia kama mtu anayejificha, likifika kwenye papi, zile mbao zinazokatiza kubeba bati, linakwama, linajaa, ndo linaanguka. Muda wote tulikuwa tunapaka silikoni juu ya cherehani na tundu liko kule. Pale ukutani bati la plastiki lilikuwa limezibwa na sementi tu, mtu kachukua chokaa kidogo cha plasta kasiriba kona basi. Sementi haichezi na plastiki inacheza. Plastiki ya mita tatu, kati ya alfajiri ya baridi na saa saba ya jua inaweza kurefuka karibu milimita 8, wakati bati la chuma la urefu huohuo ni kama milimita moja na nusu hivi. Sasa kitu kinachojinyoosha na kujikunja kila siku umekibana na sementi, lazima kipasuke, hata ningekuwa mimi.

La pili, misumari. Imepigwa bondeni, sio mgongoni! Maji yanapita bondeni, wewe unaenda kutoboa bondeni, yani ni kama kutoboa kata unayotekea maji. Na mingine haina washa ya mpira, na yote imekazwa mpaka plastiki imebonyea na kupasuka kinyota kuzunguka msumari. La tatu, katikati kuna shiti moja iliwahi kubadilishwa, ikawekwa ya migongo ya msauzi, ile ya pembepembe, pembeni ya zile za migongo ya kawaida, hazilaliani hata kwa maombi, katikati kuna uwazi unaingiza kidole, ndo ile silikoni ya siki ilikuwa imejazwa humo. Na la nne nililipima mwenyewe kwa futi yangu ya kushonea na uzi: kutoka ukutani mpaka gata ni mita tatu lakini mshuko ni sentimita 10 tu. Babu akatikisa kichwa akasema hilo sio paa, hiyo ni meza.

Mshuko ndo ulinifikirisha zaidi kwasababu huwezi kuupaka silikoni. Paa likilala sana maji hayakimbii, yanatembea, na yakitembea yanapata muda wa kupenya kwenye kila kiungio, upepo ukija unayasukuma yarudi juu kabisa. Kwa shiti ndefu moja isiyo na kiungio katikati angalau uwe na mwinamo wa nyuzi 5, yani karibu sentimita 9 kwa kila mita, kwangu mimi ilitakiwa kama 26. Upande wa nje siwezi kushusha maana kuna madirisha ya alumini. Upande wa ukutani lakini chini ya paa la nyumba palikuwa na nafasi ya sentimita 20. Tukaamua kung'oa ile mbao ya ukutani na kuipandisha 16.

Hapo nikatafuta fundi wa nne, kijana mdogo tu, babu ndo alinielekeza, na masharti nikamwambia mapema: vifaa nanunua mwenyewe, babu anakaa kwenye kiti pale anaangalia, silikoni utaitumia nikikuambia. Alikubali akicheka. Kazi ilichukua siku mbili, yeye na saidia wake.

Sikurudisha plastiki yote. Hili ndo jambo nililobishana nalo sana na mzee wa nyumbani, yeye anataka mwanga. Shiti zilikuwa sita, nikasema nne ziwe bati la kawaida geji 30, mbili ziwe plastiki mpya ngumu, ile ya polikaboneti, moja juu ya cherehani na moja juu ya meza ya kukatia, migongo iwe ileile ya bati. Nilibeba kipande cha bati nikaenda nacho dukani nikailalisha juu ya plastiki mbele ya muuzaji kabla sijalipa, akaniangalia kama kichaa, poa tu. Kitu kingine plastiki hii ina upande mmoja wenye kinga ya jua, kuna nailoni imebandikwa inasema upande upi uwe juu, ukigeuza inakuwa njano na kuvunjika mapema. Matundu yake yakatobolewa kwa drili, mapana kuliko skrubu, ili ipate pa kuchezea, skrubu mgongoni, washa ya mpira, unakaza mpaka mpira uguse na kubonyea kidogo, basi, ukiona plastiki inabonyea umezidisha. Kulaliana pembeni tukafanya mgongo mmoja na nusu na mdomo wa juu ukaelekezwa mbali na upepo wa mvua, ambao kwetu unatokea mashariki. Na hakuna kukanyaga plastiki, kijana alikuwa na ubao anauhamishahamisha.

Ukutani tukachana plasta kwa grainda mstari mmoja, tukaingiza bati bapa lililokunjwa, linashuka juu ya migongo bila kubanwa nayo. Ile silikoni isiyo na asidi ndo ikatumika hapo tu, kwenye ule mchano. Yani kitu ambacho wenzake walipaka paa zima yeye alipaka mstari wa mita nne. Gata nalo pima maji ikaonyesha limelalia upande usio na bomba, tukaongeza vishikio viwili likainama inavyotakiwa.

Mvua ya kwanza baada ya hapo ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa tano, nikakaa chini ya paa na taa imewaka nasubiri kama mtu anayesubiri matokeo. Hakuna kitu. Nikalala.

Sasa bana, mwezi wa sita. Mvua zimekwisha, ule ubaridi wetu umeingia, Meru hauonekani siku tatu mfululizo. Naamka saa kumi na mbili nakuta matone mezani. Hakujanyesha! Nikatoka nje kugusa ardhi, kavu. Nikarudi ndani nikapitisha mkono chini ya bati, limelowa lote, matone madogomadogo yamejipanga kama jasho kwenye paji la uso. Nikampigia yule fundi kijana nikamfokea, masikini, alinisikiliza tu akasema dada mwite babu.

Babu akacheka mpaka akakohoa. Akaniuliza, chupa ya soda ukiitoa kwenye friji ukaiweka mezani, inavuja? Nikasema haivuji babu, inatoa jasho. Akasema haya, sasa jana usiku humu ndani ulikuwa unafanya nini. Nikahesabu: nilichemsha kande kwenye gesi masaa manne mazima, nikapiga pasi ya mvuke magauni ya sare ya harusi, alafu nikaanika humo nguo za watoto maana nje hazikauki. Maji yote yale yalienda hewani, na bati usiku linapoteza joto haraka kuliko hata hewa inayolizunguka, hasa anga likifunguka likawa na nyota, ni kama majani yanavyopata umande, mvuke ukiligusa unarudi kuwa maji. Plastiki ya zamani nayo ilikuwa inatoa jasho hivohivo, ila kwa kuwa ilikuwa inavuja tulimsingizia mvua kila kitu.

Hapa ndo nikaingia kwenye habari ya kuzuia joto na baridi, ambayo mwanzoni nilikuwa naiona ya matajiri. Nilinunua ile foili ya alumini yenye mapovu ya hewa katikati, rola nikagawana na dada mmoja anayejenga, nusu yangu elfu sabini. Tukaipigilia kwa stepla ya mbao pembeni ya zile mbao zinazoshuka, chini kidogo ya papi, kwa hiyo kati ya bati na foili kuna uwazi wa kama inchi mbili. Ule uwazi ndo mpango mzima. Foili inafanya kazi kwa kurudisha lile joto linalomulika kutoka kwenye bati, ukiigandisha kwenye bati lenyewe bila nafasi inageuka kuwa chuma kingine tu kinachopitisha joto. Na mwisho wake wa chini tukauning'iniza mpaka ndani ya gata, ili bati likitoa jasho lidondokee kwenye foili na kuteremka nje lenyewe.

Chini ya foili nikapachika zile bodi nyeupe za povu zinazokuja na friji na TV kwenye maboksi, nilizunguka kwenye maduka ya umeme pale mjini naomba, wengi walinipa bure wakafurahi nimewatolea takataka, mmoja akataka buku mbili. Nilizikata kwa kisu cha mkate. Onyo hapa, povu lile likishika moto linawaka vibaya na moshi wake mweusi ni sumu, kwa hiyo lisibaki wazi, na mimi jiko la gesi nimelihamisha kabisa kutoka kibarazani. Chini ya yote silingibodi tatu, nikapaka rangi nyeupe. Sehemu mbili za plastiki tukaziacha wazi kama madirisha ya juu, pembeni tukaziwekea fremu ya mbao. Alafu chini kwa gata na juu ukutani tukaacha mianya yenye waya wa mbu hewa ipite, maana ukiziba kila kitu jasho linabaki humohumo na mbao zinaoza kimyakimya.

Hesabu najua mnaisubiri. Bati nne laki moja na elfu nane, plastiki mbili elfu tisini, skrubu na washa elfu 25, mbao 60, silikoni tatu 36, bati bapa 22, vishikio vya gata 8, ufundi siku mbili elfu tisini. Hapo ni laki nne na 39. Ongeza foili 70, silingibodi 60, mbao nyembamba za kushikia silingi na misumari 30, hiyo kazi ya pili tulifanya wenyewe wikiendi mbili na kijana wangu, shingo iliniuma wiki nzima. Jumla laki tano na elfu 99, laki sita kasoro buku. Ile ya silikoni ya siki na lami siihesabu, hiyo ni ada ya shule.

Joto la mchana limepungua sana ila sio kwamba pamekuwa na kiyoyozi, chini ya zile plastiki mbili bado jua linapiga na saa saba nasogeza kiti. Kelele ya mvua ndo imenishangaza zaidi, zamani mteja akipiga simu mvua inanyesha nilikuwa naenda kuongelea chooni. Asubuhi za baridi sweta imebaki moja. Na nguo za watoto sianiki tena humo, hata ziwe na unyevu siku mbili.

Kuna tone moja bado lipo. Kona ya kaskazini karibu na bomba la gata, linakuja mvua ikiwa na upepo tu, yule fundi kijana amepanda mara mbili hajalipata, babu anasema tutalipata masika ijayo kwa chaki. Nimeweka hapo ndoo ya rangi yenye udongo na nikapanda mnanaa, umestawi hatari, chai ya wageni naichumia hapohapo.